Kusherehekea 9 Desemba nyumbani wakati habari si nzuri

Sikukuu ya Uhuru haisubiri nchi itulie. Mwaka ambao redio inataja mafuriko, vurugu au misiba, familia nyingi za Dar es Salaam hukosea kwa namna mbili. Wengine hufuta shughuli yote, kila mtu akabaki chumbani na simu yake. Wengine hufungulia muziki kana kwamba hakuna lililotokea, na mwenye ndugu asiyepatikana kwenye simu anakaa katikati ya kelele na uchungu wake. Ipo njia ya kati, ila inataka kupangwa kuanzia siku tatu kabla.

Kwanza, nyumba. Chagua ile ambayo wengi wanaifikia kwa daladala moja au mbili, hata kama sebule yake ni ndogo. Desemba bado kuna mvua za vuli, na maji yakijaa Jangwani Barabara ya Morogoro hukatika, watu wa Kimara na Magomeni wakakwama. Wanaotoka Kigamboni wajue njia zote mbili, kivuko na daraja. Wazee wa mbali, tuseme Chanika au Bunju, waje tangu tarehe 8 walale hapo hapo. Na kama mamlaka zimetangaza watu wasitoke, msijaribu bahati: kila nyumba ipike kwake, salamu ziende kwa simu.

Ratiba inayofaa ni wageni saa 4 asubuhi, chakula saa 7 mchana, safari za kurudi saa 10 jioni. Msiseme tu "mchana", maana chakula kikitoka saa 10 watu wataondoka giza likiingia, na hofu ya siku nzima itakuwa imehamia njiani. Nunueni umeme wa LUKU na gesi siku mbili kabla, jazeni maji ya kunywa, na kila nyumba iweke noti ndogo ndogo za nauli na dawa. Mtandao ukikatika, pesa iliyo kwenye simu haikusaidii kitu.

Pilau ya watu 15 inataka mchele kilo 2, nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 2, viazi kilo 1, vitunguu maji kilo 1, saumu vichwa 2, tangawizi kipande cha urefu wa vidole viwili, na mafuta robo lita. Viungo ni bizari nzima vijiko 2 vya chakula, pilipili manga kijiko 1 cha chai, hiliki 10, karafuu 10 na mdalasini vijiti 2. Chemsha nyama kwa chumvi na nusu ya tangawizi mpaka ilainike, hifadhi supu. Kaanga vitunguu kwa moto wa wastani hadi viwe kahawia. Hapa ndipo pilau nyingi huharibikia: vikipauka pilau inakuwa nyeupe, vikiungua inakuwa chungu, na huo uchungu hauondoki. Tia saumu na tangawizi, kisha viungo, koroga dakika moja tu, halafu nyama na viazi. Kwa kila kikombe cha mchele pima kikombe kimoja na nusu cha supu, ukiongeza maji ikipungua. Mchele mpya hunywa kidogo, kwa hiyo punguza, la sivyo utapata bokoboko. Supu ikichemka mimina mchele uliooshwa, na ikikauka juu funika, punguza moto na palia makaa juu ya mfuniko dakika 20. Kachumbari ikatwe mwisho, chumvi itiwe mezani. Ikitiwa mapema nyanya hutoa maji.

Sasa habari zenyewe. Kuzipiga marufuku hakusaidii, watu watachungulia simu chooni. Zipeni saa: mara moja kabla ya chakula, mara moja kwenye taarifa ya habari ya saa 2 usiku, wageni wakiwa wamekwisha kufika makwao. Mteue mtu mmoja mtulivu, shangazi au kaka mkubwa, abaki na simu wazi kwa dharura tu. Kwenye kundi la familia la WhatsApp, zimeni picha na video zisijipakue zenyewe, hasa kwenye simu ambazo watoto huchezea. Ujumbe wenye mishale miwili umepita mikono mingi. Sauti ambayo msemaji hataji jina, mahali wala siku haifai kusambazwa. Video itazameni kwa makini: vibao vya maduka, mistari ya daladala, jua au mvua. Kama Dar inanyesha na video ina vumbi, si ya leo. Mkumbuke pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayesambaza uongo.

Mwenye msiba au mgonjwa aulizwe faragha, kabla ya siku, anataka nini. Msimwambie "usijali". Mpeni kazi ndogo jikoni akipenda, na muziki uwe wa chini. Mabishano ya siasa yasubiri sahani ziondolewe. Mkubwa afungue, kisha vijana wasikilizwe mpaka mwisho bila kukatizwa. Wakinyamazishwa, mwakani hawaji.

Watoto waelezwe kwa nini kuna sikukuu. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa hapa hapa Dar, kwenye uwanja ambao leo ni Uwanja wa Uhuru, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, na Luteni Alexander Nyirenda akapeleka Mwenge kileleni Kilimanjaro. Mwalimu Nyerere alikuwa ameunena Mwenge huo mwaka 1959: ulete tumaini pasipo na tumaini, na upendo palipo na chuki. Mwaka mgumu ndio wa kuyasema hayo mbele ya watoto, tena kwa sauti ya bibi au babu anayeukumbuka wakati ule. Wakiuliza kuhusu habari za leo, wajibiwe ukweli kwa sentensi mbili, pamoja na nani anawalinda.

Kila anayeondoka atume ujumbe akifika. Ikipita saa moja na nusu kimya, apigiwe. Akihitaji msaada polisi ni 112, zimamoto 114. Pilau iliyobaki isilale sufuriani: itandazwe kwenye sinia ipoe, iwekwe kwenye friji ndani ya saa mbili, na asubuhi ipashwe mpaka itoe mvuke kote.