Kabla hujanunua mashine ya nebulaiza: mwongozo kwa mwenye pumu kali na wanaomuuguza

Msimu wa karafuu ukiingia hapa Pemba, hodi za wagonjwa wa kifua haziishi. Watu wanachambua usiku kucha, makonyo, vile vijiti vya karafuu, yanarundikwa ukumbini, vumbi limejaa nyumba, na asubuhi mtu anakuja amebanwa. Siku hizi wengi wakishapata nafuu huniuliza: "Dokta, ile mashine ya mvuke nikainunue wapi, niwe nayo nyumbani?" Mimi ni muuguzi, si daktari, lakini kijijini kila mwenye koti jeupe ni dokta. Hiyo ndiyo nebulaiza, mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa mvuke wa kuvuta. Wanaouliza hivyo nawaambia kwanza watoe pampu zao za pumu, zile ndogo za kubonyeza na kuvuta dawa, tuziangalie. Nenda nami kwa mpangilio huohuo. Usianzie kwenye mashine.

Hatua ya 1: Vuta pampu mbele ya mtu anayejua

Binti mmoja wa skuli aliletwa na mama yake, wakaniambia pampu haimfai tena. Nikamwambia avute. Aliipuliza kabla hajaanza kuvuta pumzi, na dawa ikatoka pembeni ya midomo kama moshi wa kuni mbichi. Dawa ilikuwa nzima, ila miezi yote ile ilikuwa inaishia ulimini na hewani. Tulikaa nusu saa tukifundishana, na mashine haikutajwa tena siku ile.

Inavyotakiwa ni hivi. Tikisa pampu vizuri. Ichomeke kwenye spesa, lile chupa la plastiki linalokaa baina ya pampu na mdomo. Toa pumzi yote taratibu, bana mdomo wa spesa kwa midomo, bonyeza mara moja tu, kisha vuta pole pole mpaka mwisho na uzuie pumzi ukihesabu mpaka kumi. Ukishindwa kuzuia, au kama ni mtoto, vuta na kutoa kawaida mara tano au sita humohumo ndani ya spesa. Ngoja nusu dakika, tikisa tena, ndipo urudie mpulizo wa pili. Usibonyeze mara mbili kwa pamoja. Mtoto mdogo anahitaji spesa yenye barakoa inayokaa sawasawa puani na mdomoni, na akiwa analia dawa haiingii ipasavyo, kwa hiyo mtulize kwanza.

Spesa ya dukani ikikosekana, chukua chupa safi ya maji ya nusu lita. Toboa kitako chake kwa waya wa moto, tundu liwe la umbo la mdomo wa pampu na libane kabisa, kisha funga pembeni kwa utepe au gundi. Mdomo wa mgonjwa unakaa pale pa kunywea. Watafiti wa Cape Town walishaijaribu chupa ya namna hii kwa watoto wenye pumu miaka ya 1990, ikafanya kazi vizuri. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa, maana plastiki ikisuguliwa hushika umeme na kuivuta dawa ing'ang'anie ukutani mwa chupa badala ya kwenda kifuani.

Hatua ya 2: Tambua pampu ipi inatibu nini

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na hapa ndipo watu wanapofia. Pampu ya salbutamoli, mara nyingi ya buluu, hulegeza misuli ya mirija ya hewa. Unasikia nafuu ndani ya dakika chache, kisha inakwisha baada ya saa chache. Pumu yenyewe, hata hivyo, ni uvimbe ndani ya mirija, na salbutamoli haiugusi. Inayopunguza uvimbe ni pampu ya kinga yenye steroidi, kama beklometasoni, na hiyo huvutwa kila siku asubuhi na jioni, hata siku ambayo umelala vizuri. Haileti nafuu ya papo hapo, ndiyo maana watu huiacha kabatini. Tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu imeacha kupendekeza, kwa watu wazima na vijana wa miaka 12 na kuendelea, salbutamoli peke yake bila dawa ya steroidi ya kuvuta. Ukimaliza kuvuta ya kinga, sukutua na uteme, usije ukapata ukungu mweupe mdomoni.

Hesabu chupa zako. Chupa moja ya salbutamoli kwa kawaida ina mipulizo 200. Ukimaliza chupa tatu au zaidi kwa mwaka, pumu yako haijadhibitiwa. Ukimaliza moja kila mwezi, uko kwenye hatari ya kufa, na nakuomba uende kwa daktari wiki hii hii. Nimeshaona watu wakijisifu kwamba hawakosi pampu mfukoni, na wao ndio ninaowahofia zaidi.

Na tusichanganye maneno. Pumu kali ni ile inayosumbua hata baada ya dawa ya kinga ya kipimo kikubwa kuvutwa kwa usahihi kila siku. Wengi wanaojiita wana pumu kali wana pumu ya kawaida isiyotibiwa.

Hatua ya 3: Iangalie nyumba

Sisemi usifukize kabisa nyumba yako, najua harusi na arobaini zetu. Ila chetezo cha udi na ubani kisiingie chumba anacholala mwenye pumu. Dawa ya mbu ya kuchoma ibadilishe kwa chandarua. Jiko la makumbi lihamie uani, na karafuu zichambuliwe barazani, mgonjwa akiwa mbali. Mito ya sufi na magodoro ya usumba ya zamani hubeba wadudu wadogo wa vumbi, basi yavae kitambaa kizito au yaondoke. Kujifukiza kwa sufuria ya maji ya moto hakufungui mirija, na watoto wameunguzwa kwa njia hiyo.

Hatua ya 4: Sasa amua kuhusu mashine

Watu wengi huamini mashine ina nguvu kuliko pampu kwa sababu wameiona hospitali. Dawa ni ileile salbutamoli. Kwa shambulio lisilotishia maisha, pampu na spesa hufanya kazi sawa na mashine, na kwa watoto mapigo ya moyo huenda mbio kidogo zaidi wakitumia mashine. Tofauti ya hospitali ni kwamba kule mara nyingi mashine huendeshwa kwa oksijeni. Ya nyumbani husukuma hewa ya chumbani tu, na aliyebanwa sana anahitaji oksijeni.

Fikiria na umeme. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulitufikia Pemba mwaka 2010, na Unguja hawajasahau giza la umeme kukatika tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Shambulio haliulizi kama umeme upo.

Ninakubali mashine nyumbani kwa wachache: mtu ambaye daktari wake ameshahakikisha anavuta pampu ya kinga sawasawa na bado anabanwa vibaya, au asiyeweza kabisa kutumia spesa, mfano mzee aliyepooza au mtoto mwenye ulemavu. Lazima iandikwe na daktari, na kipimo kiandikwe kwenye karatasi. Ukisikia moyoni kwamba unainunua ili usisumbuke kwenda hospitali usiku, usiinunue. Usiku mmoja nilimpokea baba aliyejipigia mashine mara nne tangu magharibi. Alifika alfajiri midomo imebadilika rangi, hawezi kutaja jina lake. Alipona, lakini saa zote zile alikuwa anazama, na sauti ya mashine inamwambia anatibiwa.

Ukishaandikiwa, nawa mikono, mkalishe mgonjwa wima. Mimina kichupa cha dawa kwenye kikombe cha mashine kwa kipimo ulichopewa. Ikihitaji kuongezwa, tumia maji ya chumvi ya vichupa vya hospitali. Usitumie maji ya bomba wala ya kisima, hata yakichemshwa. Barakoa ibane usoni, apumue kawaida, dakika kumi hivi mpaka mashine ianze kukohoakohoa. Baada ya kila matumizi osha kikombe na barakoa, viache vikauke kabisa kwenye kitambaa safi. Unyevu wetu wa masika huotesha vijidudu humo haraka, na mvuke unaofuata huvipeleka moja kwa moja mapafuni.

Hatua ya 5: Panga usiku wa shambulio kabla haujafika

Kaa wima. Vuta salbutamoli kwa spesa, mipulizo 4 hadi 10, mmoja mmoja. Ukipata nafuu inayodumu, nenda kituo cha afya kesho yake. Usipopata, au nafuu ikaisha kabla muda wa saa nne haujapita tangu uvute, ondoka, na urudie kila dakika 20 njiani.

Kuna dalili ambazo hazingojei hata mpulizo wa pili nyumbani: hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mtoto hanyonyi, mbavu zinaingia ndani, ulimi na fizi vinageuka buluu au kijivu, anasinzia. Kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kikinyamaza huku mgonjwa amechoka, usishukuru, maana hewa haipiti tena. Mpeleke hospitali ya Chake Chake, ya Wete au ya Abdalla Mzee iliyoko Mkoani, kwenye iliyo karibu nawe, na pampu iendelee njiani.

Ukisafiri kwa boti kwenda Unguja, pampu na spesa zikae mkobani mwako, zisiingie kwenye mizigo ya chini. Ramadhani muulize daktari na shehe wako mapema, Shaabani, namna ya kupanga dozi za daku na futari. Akibanwa mchana asingoje magharibi, mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Na leo kabla hujalala, andika namba za madereva wawili wa gari wa shehia yako, ubandike nyuma ya mlango, mahali ambapo hata mtoto ataziona.