Daftari la porini kabla ya ajira
Kijana anayetamani kazi ya utafiti wa wanyamapori, awe amehitimu Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, au bado yuko sekondari, asisubiri tangazo la ajira ndipo aanze kujifunza kuweka kumbukumbu. Anunue daftari dogo lenye jalada gumu na penseli, kwa kuwa wino huchujuka mvua inaponyesha, kisha achague njia moja, hata kama ni ukingo wa mto nyuma ya nyumba yao, aipite kila wiki alfajiri saa ileile akihesabu ndege. Aandike tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, hali ya hewa, spishi na idadi. Jambo ambalo wengi hulipuuza, nami nililipuuza kwa muda mrefu, ni kuandika pia siku ambayo hakuna kilichoonekana, kwani bila sifuri hizo haiwezekani kujua kama ndege wamepungua au ni mhesabuji tu aliyeacha kutembea. Spishi asiyokuwa na hakika nayo aieleze kwa umbo, rangi na sauti, wala asibahatishe jina.