Kupika Tambi za Nazi kwa Mlo wa Familia

Kwa familia ya watu 6, tayarisha tambi nyembamba gramu 400, nazi 2, sukari kikombe kimoja kisichojaa, iliki iliyosagwa na mafuta vijiko 4. Nazi, ziwe za Kariakoo au za Kisutu, zikunwe siku hiyohiyo, kwa kuwa tui lililolala huchacha upesi katika joto la Dar es Salaam.

Kazi yenyewe iko kwenye kukaanga. Vunjavunja tambi, zitie katika mafuta yaliyopata moto wa wastani, ukizigeuza bila kuacha mpaka ziwe na rangi ya hudhurungi na harufu yake isikike hadi sebuleni. Zikibaki nyeupe zitashikana, na zikiungua zitakuwa chungu hata sukari isifue dafu. Hapo mimina tui jepesi vikombe 3, sukari, iliki na chumvi kidogo sana. Likikaribia kukauka, ongeza tui zito kikombe kimoja, funika, punguza moto na, ikiwa unatumia jiko la mkaa, palia makaa machache juu ya kifuniko kwa dakika 10. Tambi zilizoiva vizuri huachana zikiguswa kwa uma. Zabibu kavu hutiwa mwishoni, nami naziona za lazima watoto wakiwapo.