Doa kwenye skani ya mifupa: ufa au saratani imesambaa?

Mzee amemaliza mionzi ya tezi dume, bado anadungwa sindano za homoni, kisha skani ya mifupa inarudi na doa jeusi. Familia nyingi hapa Nairobi huanza kulia hapohapo. Subirini kwanza. Skani hiyo huonyesha mahali mfupa unapojijenga upya, na mfupa hujijenga ukivunjika kama unavyofanya ukivamiwa na saratani.

Kwanza, ulizeni doa liko wapi. Mbavu tatu zinazofuatana, madoa yamejipanga mstari mmoja: mara nyingi huko ni kugongwa au kuanguka. Mbaneni mzee kwa maswali, kwa upole, maana wengi huficha kwamba waliteleza bafuni, au matatu iliruka tuta wakajigonga. Aliyepigwa mionzi ya nyonga anaweza kupata ufa kwenye sakramu, mfupa ulio mwisho wa mgongo, nao wakati mwingine huchora herufi H kwenye skani. Madoa yaliyotapakaa ovyo kwenye uti wa mgongo na nyonga ndiyo yanayonitia wasiwasi.

Pili, PSA, kipimo cha damu cha tezi dume. Ipangeni pamoja na za nyuma. Ikipanda mfululizo, shaka huongezeka. Ikitulia chini, hupungua, ingawa haiishi.

Tatu, mwombeni daktari picha ya CT au MRI, zinazoonyesha mfupa kwa undani zaidi, ya sehemu hiyo. MRI huweza kuonyesha mstari wenyewe wa ufa. Bebeni picha za zamani, si ripoti tu. Shaka ikibaki, kuna biopsi, yaani kuchukua kipande kidogo cha mfupa kikapimwe, au kurudia picha baada ya miezi kadhaa, kwani ufa unaopona hufifia.

Miguu ikilegea, ikifa ganzi, au mkojo ukigoma, msingoje kliniki: kimbilieni kitengo cha dharura siku hiyohiyo. Uti wa mgongo huenda unabanwa.

Maswali ya wanachama

*Sista, baba hajaanguka popote. Ufa umetoka wapi?*
Sindano za homoni hushusha testosteroni, na mifupa hudhoofika. Hata kuinua mtungi wa maji kunaweza kuivunja. Ulizia kipimo cha DEXA, kinachopima uimara wa mifupa, mama.

*Maumivu hayawezi kututofautishia?*
Si kwa uhakika. Ya ufa hutulia akilala, ya saratani mara nyingi huzidi usiku, lakini msiamue kwa hilo pekee.

*Ameandikiwa dripu ya kuimarisha mifupa, aanze leo?*
Aone daktari wa meno kwanza, kaka. Dawa hizo, hasa jino liking'olewa katikati ya matibabu, zinaweza kuharibu mfupa wa taya.