Mzee akianza kusahau, anzeni na mkono wake

Mama yangu mkubwa alianza hivi: anatia chumvi kwa sombe, anafunika sufuria, dakika kidogo anarudi anatia tena. Sisi nyumbani tukasema ni uzee tu, jirani mmoja akaleta maneno ya ulozi, na hapa Bukavu munajua neno hilo linaweza kumfikisha mama mzee wapi. Siku anfirmie alimfunga mkono akapima tansio, ile presha ya damu, ikatoka 19/11. Dawa alikuwa ameziacha miezi mingi juu alijisikia vizuri.

Kwa hiyo kama kuko mzee kwenu anaanza kusahau, kabla ya kitu kingine mumupime tansio. Ubongo ni kama 2% tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu 20% ya oksijeni yote, na inaletwa na damu ile moyo unasukuma. Tansio ikikaa juu miaka na miaka, mishipa midogo sana ya ndani ya ubongo inakauka, inaziba mmoja mmoja, na kila penye pameziba kipande kidogo kinakufa. Mtu haanguki, hapoozi, unaona tu amekuwa mzito kufikiri, anapotea kwenye hesabu ya soko, hasira iko karibu. Kati ya magonjwa yanayokula akili ya wazee, hili la mishipa linakuja la pili nyuma ya Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole.

Sasa kupima. Madaktari wetu wanasema 12/8, apareyi ya nyumbani inaandika 120/80, ni kitu kimoja, musiogope. Ikifika 14/9 ama zaidi, na ikarudia siku tofauti, hiyo njo tansio ya kuonyesha daktari. Lakini mzee ametoka kupanda mlima wa Kadutu, anahema bado, munamufunga apareyi mlangoni kwa farmasi, ile namba ni ya mlima! Akojoe kwanza, akae dakika 5 mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo, asiongee, na nusu saa kabla asinywe kahawa wala asivute. Pimeni mara mbili, muache dakika moja katikati, muandike kwenye kaye (daftari) na tarehe. Hapo hapo wekeni vidole kwa mkono musikie moyo: kama unapiga bila mpangilio, unakimbia, unaruka, mumwambie daktari, juu moyo wa hivyo unaweza kufanya damu igande ndani yake na lile bonge likapanda kwenye ubongo. Sukari ya damu nayo pimeni.

Dawa akishaandikiwa ni za kila siku, hata namba ikishuka, maana imeshuka juu ya zile komprime. Hapa njo familia nyingi tunaangukia. Marekani walifuata watu zaidi ya 9,000 wenye miaka 50 na kuendelea, na matokeo ya 2019 yakaonyesha kwamba wale walioshusha namba ya juu (ile ya kwanza) chini ya 120 walipata matatizo madogo ya akili kwa uchache kuliko walioishia chini ya 140. Lakini musijiongezee dawa wenyewe, mzee ikishuka sana akisimama anaona giza na anaanguka, kwa hiyo asubuhi akae kwanza pembeni ya kitanda kabla ya kusimama.

Chakula, mimi ningeanza na chumvi. Kijiko kimoja kidogo cha chai, kama gramu 5, njo mwisho wa siku nzima, na munahesabu pia ile ya kube za kuungia mboga. Makayabu, wale samaki wa chumvi, loweka usiku kucha, mwaga maji mara mbili. Sambaza, samaki wadogo wa ziwa, chukueni mbichi, ziko nzuri sana, za kukausha na chumvi muache. Mawese kidogo. Tumbaku hapana kabisa, kasiksi, ile pombe ya ndizi, ipunguzwe.

Na atembee, nusu saa siku tano kwa wiki, si lazima mlima, hata njia ya tambarare kwenda kanisani. Akitembea na mtu wa kuongea naye ni bora zaidi.

Kitu cha kushika wote, hata watoto: mdomo ukivutwa upande mmoja, mkono mmoja ukilegea, maneno yakichanganyika ghafla, hata kama inapita baada ya dakika 10, ni hospitali saa hiyo hiyo. Musimwagie maji, musimpe chakula wala komprime ya kumeza, na mukumbuke saa ilianza juu daktari ataiuliza.

Mama mkubwa sasa iko kwa 13/8. Bado anauliza kitu mara mbili, lakini soko anaenda na anarudi na chenji sawa. Kaye yake tumeifunga na kamba karibu na kopo la chumvi.