Kusoma na kuandika faili za DBF kwa Python

Baadhi ya vyama vya msingi vya pamba ninavyovihudumia huku Kanda ya Ziwa bado vina kompyuta ya zamani yenye programu ya hifadhidata iliyoandikwa kwa Clipper au FoxPro, inayoweka rekodi kwenye faili za .DBF, na aliyeitengeneza hapatikani tena. Mashine ikianza kusumbua, katibu huja akiamini orodha ya wanachama imepotea. Mara nyingi haijapotea. Kazi hii naithamini sana, maana ndani ya faili hizo mna haki za watu: nani mwanachama, aliingia lini, ana hisa za shilingi ngapi.

Anza kwa kunakili folda nzima, si ile faili ya .DBF peke yake. Maelezo marefu hukaa kando, kwenye .DBT kwa Clipper na dBASE (programu nyingine ya aina hiyohiyo), au .FPT kwa FoxPro. Ukiyaacha, ndani ya .DBF utakuta namba tu ya mahali yalipokuwa. Faili za .NTX, .NDX na .CDX ni faharasa, za kutafutia rekodi haraka. Kwa kusoma huzihitaji, ila kwenye kuandika zitakuhusu. Ukishanakili, ile folda ya asili usiiguse tena.

Kabla ya kusakinisha maktaba yoyote, itazame faili kwa macho yako. Umbo la DBF ni rahisi kiasi kwamba Python yenyewe inatosha:

```
import struct

with open("WANACHAM.DBF", "rb") as f:
    k = f.read(32)
    aina, mwaka, mwezi, siku, idadi, kichwa, rekodi = \
        struct.unpack("<4BIHH", k[:12])
    print(hex(aina), 1900 + mwaka, mwezi, siku)
    print(idadi, kichwa, rekodi, hex(k[29]))
    while True:
        d = f.read(32)
        if d[:1] == b"\r":
            break
        jina = d[:11].split(b"\0")[0].decode("ascii")
        print(jina, chr(d[11]), d[16], d[17])
```

Baiti ya kwanza inakwambia aina: 0x03 ni dBASE III au Clipper bila maelezo marefu, 0x83 ina .DBT, 0xF5 ni FoxPro yenye .FPT, 0x30 ni Visual FoxPro. Tarehe ni ya mara ya mwisho faili kuandikwa. Ukiona 1904 usishangae, programu nyingine ziliweka tarakimu mbili za mwisho za mwaka tu, hivyo ni 2004.

Sasa piga hesabu. Tuseme safu ni NAMBA ya herufi 6, JINA 40, TAREHE 8 na HISA 12. Jumla 66, ongeza baiti moja ya alama iliyo mwanzoni mwa kila rekodi, zinakuwa 67. Kichwa, yaani sehemu ya mwanzo ya faili inayoeleza safu, ni 32, na 32 kwa kila safu, na moja ya kufungia: 161. Kama rekodi ni 1,842, faili iwe na baiti 123,575, au 123,576 ikiwa na alama ya mwisho. Ikiwa pungufu, nakala yako imekatika, rudi ukanakili upya. Ikizidi sana, huenda umeme ulikatika kabla kichwa hakijasahihishwa, na nyuma ya rekodi ya mwisho iliyohesabiwa kuna watu wengine. Ruka baiti za kichwa, kisha kata 67, 67, hadi mwisho, usome mwenyewe.

Ile alama ya baiti moja ndiyo ninayoisisitiza kuliko kitu kingine chochote. Ikiwa nafasi tupu, rekodi iko hai. Ikiwa nyota, imefutwa, lakini iko palepale na kila kitu chake, mpaka mtu atoe amri ya PACK. Vyama vingi havikuwahi kuitoa. Kwa hiyo waliofutwa nawatoa pia, na alama yao:

```
from dbfread import DBF
import csv

t = DBF("WANACHAM.DBF", encoding="cp850")
with open("wanachama.csv", "w", newline="",
          encoding="utf-8") as f:
    w = csv.writer(f)
    w.writerow(t.field_names + ["HALI"])
    for r in t:
        w.writerow(list(r.values()) + ["hai"])
    for r in t.deleted:
        w.writerow(list(r.values()) + ["imefutwa"])
```

Maktaba ya dbfread inasoma tu, haiandiki, na ndiyo maana naiamini kwenye data za watu. Orodha ya waliofutwa mpe katibu alinganishe na leja. Mwingine alifutwa kwa sababu alihama, mwingine alifariki na warithi wake hawajalipwa hisa. Hilo si la skripti kuamua.

Kuhusu herufi: Kiswahili hakina vitone wala vikofia, hivyo kosa la usimbaji linajificha vizuri. Usukumani linajitokeza kwenye majina. Ukisoma kwa cp850 (usimbaji wa DOS) faili iliyojazwa kwenye Windows, Ng'wandu anaweza kutokea kama NgÆwandu, kwa sababu ile koma ya juu iliyopinda ni baiti 0x92, ambayo kwenye cp850 ni Æ. Badilisha encoding iwe cp1252, usimbaji wa Windows. Baiti ya 29 ya kichwa inapaswa kukwambia ipi ni ipi (0x02 ni cp850, 0x03 ni cp1252), lakini mara nyingi ni sifuri, kwa hiyo tafuta majina yenye ng' uhakikishe mwenyewe.

Tarakimu za HISA zimehifadhiwa kama maandishi. Kiasi kilichozidi upana wa safu huandikwa nyota tupu, na dbfread itakupa nafasi tupu. Hapo karatasi ya leja ndiyo itakayosema. Na CSV usiifungue kwa kubofya mara mbili kwenye Excel: namba 004127 itageuka 4127. Iingize kupitia menyu ya data, safu ya NAMBA uitaje kuwa maandishi.

Kuandika kunahitaji maktaba nyingine, iitwayo dbf. Mimi huandika faili mpya daima, sirekebishi ya zamani:

```
import dbf

t = dbf.Table("MPYA.DBF",
    "NAMBA C(6); JINA C(40); TAREHE D; HISA N(12,2)",
    codepage="cp850", dbf_type="db3")
t.open(mode=dbf.READ_WRITE)
t.append(("004127", "NG'WANDU",
          dbf.Date(1994, 3, 17), 25000))
t.close()
```

Jina la safu lisizidi herufi 10. Koma za juu zilizopinda zigeuze ziwe nyoofu kwanza, maana cp850 haina nafasi yake na skripti itasimama katikati. Maarifa haya yatakufaa hata kwenye ramani: shapefile za Esri huweka taarifa za kata na vijiji kwenye .dbf ya umbo hilihili.

Kama chama bado kinatumia programu ya zamani, faharasa zake hazijui rekodi ulizoongeza. Mwanachama atakuwepo kwenye faili, lakini karani akitafuta namba yake ataambiwa hayupo. Weka nakala ya programu ndani ya DOSBox (programu inayoiga kompyuta ya DOS), ondoa .NTX za zamani, tengeneza mpya kupitia menyu yake yenyewe, kisha tafuta rekodi ya kwanza, ya mwisho na mojawapo ya ulizoongeza. Jumla ya HISA ilingane kwa programu ya zamani na kwa Python kabla faili haijarudi chamani.