Kutuma samaki wa baridi na wa kugandishwa kwa ndege kutoka Dar: anza na masaa, bei baadae

Wadau, mtu akitaka kutuma nguru au kamba nje swali la kwanza huwa ni bei ya kilo. Mi naomba uanze na masaa. Bei utapewa na wakala yeyote wa kago kwa simu, ila masaa hakuna atakayekuhesabia. Ndege ya moja kwa moja Dar mpaka Muscat iko hewani kama masaa 5 tu na hapo samaki wako hana tabu, tabu iko huku chini, kwenye gari, kwenye foleni ya ukaguzi, kwenye toroli lililosimama juani pembeni ya ndege, na kule anakoshukia akisubiri karatasi zigongwe mihuri.

Kwa hiyo hesabu kwa kurudi nyuma, anzia kwenye friza ya mpokeaji. Oman wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, sa ukipeleka mzigo airport Alhamisi unafika wakati maofisi yanafungwa na unaweza kulala ghalani mpaka Jumapili. Dubai tangu Januari 2022 wanapumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa serikalini ni nusu siku. Ndo maana wa Muscat napenda uondoke Jumamosi usiku au Jumapili, wa Ulaya Jumatatu au Jumanne. Angalia na sikukuu za kule, hasa Idi. Alafu kama ndege inapitia Doha, Addis Ababa au Istanbul uliza MZIGO unakaa pale masaa mangapi, usiulize abiria, maana abiria anaunganisha ndani ya masaa 2 na boksi likasubiri ndege ya kesho yake, na uliza kama linakaa chumba cha baridi na cha nyuzi ngapi. Ukishajumlisha yote ongeza nusu yake tena, yani kama umepata masaa 24 funga boksi la kuhimili 36. Hiyo namba ndo itakuambia ununue boksi gani na barafu kiasi gani.

Freshi na ya kugandishwa ni mizigo miwili tofauti, usiichanganye boksi moja. Samaki freshi anatakiwa akae karibu na nyuzi 0, asizidi 4. Wa kugandishwa ni -18 mpaka katikati ya nyama, sio ngozi tu. Na hapa tuelewane vizuri hasa kwa jodari, nguru na vibua. Hawa wakikaa kwenye joto wanatengeneza histamini, na histamini ikishaingia hata umkaange, umchemshe, umrudishe kwenye friza haitoki. Samaki anaweza asinuke kabisa na bado akamfanya mtu awe mwekundu uso mzima, atapike, moyo umwende mbio. Anayekula kule ni mama yako au mteja aliyekuamini, kwa hiyo samaki akishalegea njiani ni wa kutupa, hata kama roho inauma.

Kugandisha kwenyewe. Ukinunua soko la samaki la Feri alfajiri nunua na barafu hapo hapo, samaki apande gari akiwa ndani ya barafu, asafishwe, atolewe utumbo. Vipande viweke kwenye nailoni vikiwa flati, unene wa kama vidole viwili, vikiwa hivo vinaganda haraka na baadae vinapangika bila kuacha mianya. Friza ya nyumbani usiijaze kwa mkupuo maana vya moto vinalainisha vilivyokwisha ganda. Wape siku mbili nzima, na kama umeme ulikatika kwa muda mrefu katikati anza kuhesabu upya. Kuwa na termometa ya kuchoma nyama, kidole hakipimi -18.

Sasa boksi, na hapa ndo nitakaa kidogo. Tumia lile jeupe la povu gumu, ukuta angalau sentimita 3, liingie ndani ya boksi la karatasi ngumu. Usiku wa kuamkia safari boksi tupu liache kwenye friza au chumba cha baridi maana boksi lenye joto la Dar la Januari linakula barafu yako kabla hata hujafika Tazara. Tandika nailoni moja nene kubwa, chini yake weka kitu cha kunyonya maji, nepi za karatasi za watoto zinafanya kazi nzuri sana. Panga pakiti zibanane, pakiti za jeli zilizoganda weka pembeni na juu kwa sababu baridi inashuka, nafasi iliyobaki jaza magazeti. Funga nailoni, funga mfuniko, zungusha selotepu pana kwenye maungio yote. Kuhusu kuvuja hakuna mjadala, maji ya chumvi yanakula bati la ndege, na boksi linalodondosha maji linakataliwa pale pale kaunta. Barafu ya maji iliyo wazi mashirika mengi hayaitaki kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna kitu kidogo naomba usikiache. Chupa ndogo ya maji, jaza nusu, igandishe ikiwa imesimama, alafu ndani ya boksi ilaze katikati ya samaki. Mpokeaji akifungua akakuta barafu imelala upande wa chupa, ujue mzigo uliyeyuka njiani ukaganda tena, hata kama samaki wanaonekana wagumu kama mawe.

Kwa safari ndefu utahitaji barafu kavu. Ni kabonidayoksaidi iliyogandishwa, ina nyuzi -78.5, haiyeyuki kuwa maji, inageuka hewa, na kwenye boksi la kawaida kadiria inapotea kilo 2 mpaka 5 kwa saa 24. Kwa ndege hii inahesabika mzigo wa hatari, daraja la 9, namba UN1845. Lazima boksi liwe na lebo ya daraja la 9, hiyo namba, uzito wa barafu kavu kwa kilo, jina na anwani ya anayetuma na anayepokea, na wakala aambiwe wakati wa kubuku. Hapa mfuniko usiuzibe kabisa kabisa, hewa isipopata pa kutokea boksi linapasuka. Vaa glavu, na kwenye gari fungua vioo, hewa yake ni nzito inajaa chini na inakata pumzi. Kaa hai usiwaweke nayo karibu, watakufa. Abiria anayekubebea kwenye begi mwisho wake ni kilo 2.5, tena kwa ruhusa ya shirika.

Bei sasa. Shirika linapima uzito na linapima ukubwa, linachaji kilichozidi. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita gawa kwa 6000. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 ni kilo 16, hata kama ndani una samaki kilo 11 unalipa 16. Kwa hiyo tafuta boksi linalojaa, usichukue kubwa ukasafirisha magazeti.

Vibali vianze kabla ya samaki. Mazao ya uvuvi yanahitaji leseni ya kusafirisha nje na cheti cha afya kutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi, cheti cha uasili, kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani, ni TCCIA, ile chemba ya wafanyabiashara, forodha ni TRA kupitia wakala mwenye leseni, pamoja na invoisi na orodha ya mzigo. Umoja wa Ulaya kwa biashara wanapokea samaki wa viwanda vilivyoidhinishwa tu, abiria mwenyewe anaruhusiwa mpaka kilo 20 za samaki aliyetolewa utumbo kwa matumizi yake, ila nyama na maziwa hapana, usimtie mtu matatani uwanjani.

Siku ya safari uliza mwisho wa kupokea kago ni saa ngapi na usifike masaa 6 kabla ya hapo eti kuwahi, labda uwe na uhakika na chumba cha baridi. Hakikisha kwenye AWB, ile hati ya mzigo, wameandika nyuzi na herufi sahihi za aina ya mzigo, PES kwa samaki, PEM kwa nyama. Piga picha ya AWB umtumie mpokeaji hapo hapo, namba 3 za mwanzo zinaonyesha shirika, 157 Qatar, 176 Emirates, 071 Ethiopian, anafuatilia mwenyewe mtandaoni.

Na mpokeaji mwambie mapema, boksi likiwa limepasuka au limelowa asisaini kimya kimya, aandike hali yake kwenye karatasi ya kupokelea, apime samaki na termometa, apige picha pamoja na ile chupa. Malalamiko ya mzigo ulioharibika yanatakiwa kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea, ndo Mkataba wa Montreal wa 1999 unavyosema, ila kwa samaki andika siku hiyo hiyo, weka namba ya AWB, picha na nakala ya karatasi aliyosaini.